Ruzuku ya mageuzi huliokoa shirika ikija mapema, si likiwa mahututi

SERIKALI ya Marekani ilipotangaza Januari 20, 2025 kwamba inasitisha kwa siku 90 misaada yake ya maendeleo katika mataifa ya nje, mashirika mengi ya kijamii nchini Kenya yalijipata katika hali ambayo hayakuwa yameiandalia mpango wowote. Siku nne baadaye amri ya kusimamisha kazi ilitolewa. Afisi zilifungwa, wafanyakazi wakaelezwa wabaki nyumbani, na wananchi waliozoea kuhudumiwa na mashirika hayo wakaachwa bila kujua la kufanya.

Matumaini kwamba fedha hizo zingerejea hayakudumu. Mnamo Machi 10 mwaka huo, Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kuwa asilimia 83 ya miradi ya shirika la USAID ilikuwa imefutiliwa mbali. Ilipofika Julai 1, shirika hilo lililoundwa mwaka 1961 lilikoma kusimamia misaada, na miradi iliyosalia ikawekwa chini ya wizara ya Bw Rubio. Uingereza nayo ilikuwa imetangaza mwezi Februari kwamba itapunguza bajeti yake ya misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027.

Mengi yamesemwa kuhusu fedha zilizopotea na waliozipoteza. Lakini kuna swali ambalo halijajadiliwa vya kutosha. Inakuwaje shirika ambalo limehudumu kwa miaka 15 au 20, lenye wataalamu, magari na sifa njema mashinani, litikisike hadi kwenye msingi wake katika muda wa wiki moja?

Jibu halipatikani Washington pekee. Linapatikana pia katika namna misaada ilivyokuwa ikitolewa tangu awali. Kwa miaka mingi wafadhili walinunua miradi. Ni wachache waliojenga mashirika.

Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa. Fedha za mradi huja zikiwa zimegawanywa mapema: kiasi fulani cha dawa, kiasi cha mafuta ya gari, kiasi cha mafunzo ya wahudumu wa afya wa kijamii. Mhasibu hulipwa sehemu ya mshahara kutoka mradi huu na sehemu nyingine kutoka mradi ule. Mradi unapokamilika, kinachosalia aghalabu hurudishwa kwa mfadhili. Shirika linaweza kupokea mamilioni ya pesa kila mwaka na bado likakosa akiba ya kulipa kodi ya nyumba kwa miezi mitatu.

Gharama za uendeshaji zilibanwa zaidi. Chini ya kanuni za Marekani, shirika ambalo halikuwa na makubaliano maalumu na serikali hiyo lingeweza kudai asilimia 10 tu ya gharama zinazohusika kwa ajili ya usimamizi. Kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 15 mnamo Oktoba 2024. Nafuu hiyo ilikuwa haijatimiza miezi minne wakati amri ya kusitisha misaada ilipotolewa.

Ahadi nazo hazikukosekana. Katika mkutano wa kimataifa kuhusu misaada ya kibinadamu uliofanyika Istanbul mwaka 2016, wafadhili wakuu na mashirika makubwa waliafikiana kwamba kufikia 2020, robo ya fedha za misaada hiyo iwe ikiyafikia mashirika ya mashinani. Lengo hilo halikutimizwa. Mwaka 2021 USAID nayo iliahidi kuelekeza robo ya fedha zake kwa mashirika ya wenyeji kufikia 2025. Kwenye mwaka wa kifedha wa 2023, kiwango kilichofikiwa kilikuwa chini ya asilimia 10.

Ni katika mazingira hayo ambapo aina tofauti ya ufadhili inastahili kuangaziwa, nayo ni ruzuku ya mageuzi. Hii hainunui dawa wala vitabu. Hulipia muda na utaalamu wa kuliwezesha shirika kujitazama na kujiuliza maswali magumu. Je, kazi yake bado inahitajika? Ni nani mwingine anayeifanya katika kaunti hiyo hiyo? Linaweza kuungana na jirani yake, au angalau kutumia pamoja afisi, mhasibu na mkaguzi wa hesabu? Lina kitu ambacho linaweza kukiuza bila kuwasaliti maskini linaowahudumia? Na iwapo majibu yote ni hapana, litawezaje kufunga kazi kwa heshima, wafanyakazi wakilipwa haki zao na wagonjwa wakikabidhiwa kwa mwingine?

Wazo hilo si geni. Uingereza ililijaribu mapema, na historia yake ina funzo kwa Kenya kwa sababu imeshuhudia mafanikio na maafa.

Msukosuko wa kifedha wa 2008 ulipoanza kuyabana mashirika ya hisani ya nchi hiyo, serikali ya Waziri Mkuu Gordon Brown ilitenga pauni milioni 42.5 mnamo 2009 kuyasaidia. Kati ya hizo, pauni milioni 16.5 ziliwekwa katika hazina ya mageuzi. Zilikusudiwa kuyasaidia mashirika kupima iwapo yaungane, yashirikiane au yagawane huduma za afisi. Kilicholipiwa hapo awali kilikuwa uchunguzi wenyewe: wakili wa kukagua mikataba, mtaalamu wa hesabu wa kupima madeni, na vikao vya bodi mbili kuketi pamoja.

Mwaka huo huo, mashirika mawili makubwa ya kuwatetea wazee nchini humo, Age Concern na Help the Aged, yaliungana na kuwa Age UK. Miaka minne baadaye, shirika la afya la Merlin, ambalo lilikuwa limefanya kazi hata humu nchini, lilijiunga na Save the Children. Hakuna aliyedai kuwa miungano hiyo ilikuwa rahisi, lakini ilitekelezwa mashirika yakiwa bado yanaweza kusimama na kuzungumza.

Mfano wa pili ni wa kusikitisha. Shirika la Kids Company lilianzishwa London mwaka 1996 kuwahudumia watoto na vijana kutoka familia zenye dhiki. Lilipata umaarufu mkubwa na kupendwa na wanasiasa wa mirengo yote. Afisi ya Taifa ya Ukaguzi wa Hesabu ya Uingereza ilibaini baadaye kuwa lilipokea angalau pauni milioni 46 za umma katika maisha yake. Hata hivyo, halikuwa na akiba ya maana.

Mambo yalipoharibika mwaka 2015, serikali ilikubali kulipa ruzuku ya pauni milioni 3 ili shirika lipunguze ukubwa wake na kujipanga upya. Maafisa wa serikali walionya kwamba fedha hizo huenda zisilete manufaa, lakini mawaziri waliagiza zitolewe. Zililipwa Julai 30. Agosti 5 shirika likafunga milango yake, na maelfu ya vijana wakabaki bila mahali pa kukimbilia.

Mgala muue na haki umpe. Siku ile ile ruzuku ilipolipwa, habari zilienea kwamba polisi walikuwa wakichunguza tuhuma dhidi ya shirika hilo, na wahisani waliokuwa wameahidi fedha wakajiondoa. Polisi walifunga uchunguzi huo mapema 2016 bila kumshtaki yeyote. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya London ilikataa ombi la kuwapiga marufuku waliokuwa wakurugenzi wa shirika hilo, na jaji akaona kuwa pasipo tuhuma hizo zisizo na msingi, yamkini mageuzi yangefaulu.

Uamuzi huo unaitilia nguvu hoja badala ya kuidhoofisha. Shirika lenye akiba ya miezi sita linaweza kustahimili tuhuma za uongo, mafuriko, janga la maradhi au mabadiliko ya serikali. Lisilo na akiba huangushwa na upepo wa kwanza, hata kama upepo huo hauna haki. Ruzuku ya mageuzi iliyotolewa wakati mishahara imechelewa hugeuka kuwa mshahara. Bodi haiwezi kuketi na kutafakari juu ya miaka mitano ijayo ilhali wadai wamejaa mlangoni.

Funzo la kwanza basi ni la wakati. Fedha za namna hii hufaa zinapotolewa shirika likiwa na angalau mwaka mmoja wa ufadhili uliosalia. Ajabu ni kwamba huo ndio wakati ambapo wafadhili na wakurugenzi hawaoni haja ya kuzitoa wala kuziomba.

Nchini Kenya kuna sababu nyingine ya kulifikiria jambo hili upesi. Njia ambayo fedha hupitia yenyewe inabadilika. Mnamo Desemba 4, 2025, Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wa miaka mitano, ambapo Marekani ilikusudia kutoa hadi dola bilioni 1.6 nayo Kenya iongeze matumizi yake ya afya kwa dola milioni 850. Msimamo wa Marekani ni kwamba fedha zipitie serikalini badala ya mikononi mwa mashirika yasiyo ya kiserikali. Siku chache baadaye Mahakama Kuu jijini Nairobi ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu zinazohusu kupeana data za wagonjwa, lakini mwelekeo wa sera ulikuwa bayana.

Kwa shirika ambalo kwa miaka 20 kazi yake ilikuwa kupeleka dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV kwa niaba ya mfadhili, hilo linamaanisha kuwa ile nafasi ya mwanakandarasi inafifia. Huenda likahitajika kuwa mtetezi wa wagonjwa, mkaguzi wa huduma za kaunti, au mtoaji wa huduma anayelipwa na kaunti yenyewe. Kila mojawapo ya kazi hizo huhitaji watu tofauti, ujuzi tofauti na bodi tofauti. Mabadiliko kama hayo hayatokei kwa kubadilisha maneno katika barua ya maombi.

Sheria ya nchi nayo imefungua mlango fulani. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, iliyopitishwa na kutiwa saini mwaka 2013 wakati wa utawala wa Rais Mwai Kibaki, ilikaa zaidi ya miaka 11 kabla ya kuanza kutekelezwa Mei 14, 2024. Ilichukua mahali pa sheria ya 1990. Miongoni mwa mengine, inayaruhusu mashirika hayo kufanya biashara halali mradi mapato yatumike kwa malengo ya umma yaliyoyaandikisha.

Wakosoaji wa utegemezi hukumbusha kwamba mwaka 2013 serikali ilijaribu kuweka kikomo cha asilimia 15 kwa fedha ambazo mashirika yangepokea kutoka nje, na wabunge wakalikataa pendekezo hilo. Walifanya vyema. Kukata mkono unaolisha kabla ya kujifunza kulima hakumfanyi mtu kuwa huru. Hata hivyo, mashirika hayakuutumia muda uliopatikana baada ya ushindi huo kujenga misingi mingine ya mapato.

Yapo machache yaliyofanya hivyo. Amref, iliyoanza mwaka 1957 kwa huduma ya madaktari wa ndege, ina kampuni ya ndege za wagonjwa inayouza uanachama kwa watu binafsi na makampuni, na faida yake kusaidia kazi ya hisani. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya liliwekeza katika hoteli na huduma ya ambulensi. Nchini Bangladesh, BRAC, iliyoasisiwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972, ilijenga biashara za nguo na maziwa pamoja na benki, hadi ikawa mojawapo ya mashirika makubwa zaidi ya maendeleo duniani.

Mifano hiyo huvutia, lakini ni kosa kuichukua kuwa dawa ya kila ugonjwa. Biashara ina hatari zake, kama walivyogundua wenye hoteli humu nchini wakati wa janga la Covid-19 mwaka 2020. Isitoshe, kituo kinachowapa hifadhi wanawake waliopigwa na waume zao hakina cha kuuza. Wala hakuna soko la kumtetea bure mfungwa asiyeweza kumlipa wakili. Mashirika ya aina hiyo yatahitaji wahisani daima, na suala kwao ni wahisani gani, na kwa masharti yapi.

Hapa ndipo Wakenya wenyewe wanapoingia. Ukarimu haujakosekana katika nchi ya harambee. Ukame ulipolikumba eneo la kaskazini mwaka 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la Sh500 milioni na kulivuka kwa michango ya simu na ya kampuni. Lakini Mkenya huchangia zaidi mazishi, bili ya hospitali, karo au janga linaloonekana kwa macho. Ni nadra kumpata anayetuma Sh200 ili shirika liwe na mkaguzi bora wa hesabu. Wakfu wa maendeleo ya jamii wa KCDF, ulioanzishwa mwaka 1997, umejaribu kuziba pengo hilo kwa kuzisaidia jamii kujiwekea hazina za kudumu. Hazina kama hizo huchukua miaka mingi kukua, na haziwezi kuanzishwa baada ya mfadhili kuondoka.

Wapo wanaoipinga ruzuku ya mageuzi, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza husema kila shilingi inayolipwa mshauri ni shilingi iliyoondolewa kwa mgonjwa. Ni kweli kwamba kuna kabati nyingi jijini Nairobi zilizojaa mipango mikakati iliyoandikwa kwa gharama kubwa na haikusomwa tena. Lakini dosari hiyo hutokana na kumpa mgeni kazi ambayo wenye shirika walipaswa kuifanya. Fedha zikilipia muda wa wafanyakazi, wanachama na wanaohudumiwa kuketi na kuamua, mshauri hubaki kuwa msaidizi tu.

Wa pili huhofia kwamba neno mageuzi ni jina la adabu la kupunguza fedha. Hofu hiyo ina msingi. Nchini Uingereza, wakala uliokuwa ukisimamia hazina ile ya 2009 ulifungwa wenyewe mwaka 2011 serikali mpya ilipobana matumizi. Mfadhili anayetoa ruzuku ndogo ya kujifunza kujitegemea, kisha akaondoka mwezi unaofuata, hajasaidia. Ruzuku ya mageuzi inafaa kuandamana na fedha za kawaida wala si kuchukua nafasi yake. Wakfu wa Ford, ambao una afisi jijini Nairobi, ulionyesha njia moja ulipoanzisha mwaka 2016 mpango wa BUILD uliotengewa dola bilioni moja. Mashirika yaliyochaguliwa yalipewa ahadi ya miaka mitano, fedha zisizofungwa na mradi mmoja, pamoja na fungu la kuimarisha shirika lenyewe.

Kizuizi cha tatu hakisemwi hadharani. Mashirika mawili yakiungana, mkurugenzi mmoja hupoteza cheo. Mashirika mengi yalianzishwa na mtu mmoja mwenye maono, na bodi imejaa marafiki na jamaa zake. Kumwomba mtu kama huyo achunguze iwapo shirika lake bado linahitajika ni sawa na kumwomba achimbe kaburi lake. Ndiyo maana ruzuku hii haifai kumwachia mkurugenzi peke yake. Mwenyekiti wa bodi, mwakilishi wa wafanyakazi na wale wanaohudumiwa wanastahili kuwa na kauli, na ripoti ya mwisho isomwe mbele yao.

Kutokana na hayo, masharti ya ruzuku yenye manufaa yanaanza kujichora. Itolewe mapema. Itolewe kwa hatua mbili: kiasi kidogo cha kuchunguza, kisha kikubwa zaidi cha kutekeleza kwa wale waliopata njia. Iruhusu shirika kuweka akiba badala ya kurudisha kila senti. Na zaidi ya yote, impe mpokeaji uhuru wa kufikia jibu chungu bila kuadhibiwa. Shirika linalogundua kuwa linafaa kuungana na jingine au kufungwa, likasema hivyo wazi, limetumia fedha hizo vyema kuliko lile lililoandika kitabu cha kurasa 80 likidai kila kitu ki shwari.

Serikali za kaunti nazo zina wajibu. Kaunti ambayo hospitali zake zilitegemea wafanyakazi waliolipwa na mashirika inajua majina ya vituo vitakavyokwama. Kuketi na mashirika hayo kabla ya kandarasi kwisha na kukubaliana ni huduma zipi zitachukuliwa na nani, hakugharimu mabilioni.

Nchini Kenya takriban watu milioni 1.3 wanaishi na virusi vya HIV. Anayechukua dawa zake katika zahanati ya kijijini hajui jina la mfadhili wala idadi ya wanachama wa bodi. Anachojua ni kwamba mlango ulikuwa wazi mwezi uliopita. Pengo la dawa kwake ni suala la uhai, na ndiyo maana udhaifu wa ndani wa mashirika hauwezi kuachwa uwe siri ya wakurugenzi na wafadhili wao.

Kuhusu Marekani, mashirika yanaweza kudai kwamba hayakuonywa. Kuhusu Uingereza udhuru huo haupo, kwa kuwa tarehe ilitajwa mapema. Shirika lolote linalotegemea fedha za London lina nafasi ya kuomba sasa, lingali na mishahara ya kulipa na watu wa kuketi nao, fungu dogo la kujichunguza. Mfadhili anayeondoka ana deni la kulitoa fungu hilo kabla hajafunga mkoba wake.